Wadogo sita wa diskasi, samaki wa urembo wa kwenye tanki, wawili wamegoma kukua: niongeze chakula au nifanyeje?

SWALI: Mtaalamu shikamoo. Tuko watu nane tumeanzisha shindano la kirafiki la kukuza diskasi, kila mtu kaanza na wadogo sita wa kama sentimita 5, tunaenda miezi sita, kila mwisho wa mwezi tunatuma picha yenye rula. Sasa niko wiki ya saba. Wanne wangu wamefika kama 7, wawili wamegoma, wako 5 na nusu, weusi weusi, wanajificha nyuma ya gogo. Kuna mwenzetu wake wameshagonga 9! Tanki langu lita 180, lina mchanga, mimea na gogo, hita nimeweka 27, filta ya nje, nalisha mara tatu kwa siku moyo wa ng'ombe na minyoo myekundu ya kugandishwa, maji nabadilisha asilimia 30 mara mbili kwa wiki. Amonia sifuri, nitraiti sifuri, nitreti inacheza 40 mpaka 80, pH 7.6. Nafikiria kuongeza chakula mara mbili, kupandisha joto mpaka 32, kununua mashine ya RO (ile inayochuja madini kwenye maji) nishushe pH ifike 6, na hao wawili niwatoe ninunue wengine wakubwa wakubwa. Nianze na lipi? Alafu mwezi ujao nitasafiri siku mbili, nani alishe?

JIBU: Marahaba ndugu yangu, na asante kwa kupima maji kabla ya kuuliza, wengi wananiandikiaga "samaki hawakui" na taarifa inaishia hapo. Katika hayo manne unayofikiria, la joto uko nusu sahihi, la chakula zamu yake itafika, la pH achana nalo, na la kununua wengine ndo baya kuliko yote. Kabla ya yote hayo shika ndoo ubadilishe maji zaidi, kwasababu nitreti (taka ya mwisho inayobaki bakteria wa filta wakishaivunja amonia) ya 40 mpaka 80 kwenye tanki la wadogo imeshaniambia sehemu kubwa ya hadithi. Sio kwamba hiyo nitreti peke yake ndo inawadumaza, ila ni kitu pekee unachoweza kukipima kirahisi kati ya mengi yaliyojikusanya humo, mabaki ya chakula yaliyoyeyuka, kinyesi, bakteria wanaokula hayo mabaki, vyote vinapanda pamoja nayo.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme chakula unachotia sasa kinazalisha nitreti ya miligramu 5 kwa lita kila siku. Ukitoa asilimia 30 kila baada ya siku tatu na nusu, nitreti haipandi milele, inapanda mpaka ifike mahali ambapo kiasi unachokitoa kinalingana na kiasi kinachoingia, na mahali hapo unapapata kwa kuchukua 5 mara 3.5 kisha ugawanye kwa 0.3, inakuja kama 58. Angalia vipimo vyako, ndo humohumo ulimo. Sasa ukifanya ulivyopanga, chakula mara mbili na ndoo uiache vilevile, itasimama karibu 117. Lakini ukibadilisha nusu ya maji kila siku kwa chakula hichohicho cha sasa inasimama 10 tu, na hata ukizidisha chakula mara mbili inasimama 20, yaani chini kabisa ya hapo ulipo leo ambapo unalisha kidogo. Umeona? Kwenye kukuza diskasi swali la "niwalishe kiasi gani" ndoo ndo inalijibu, unaruhusiwa kutia chakula kile tu ambacho una uwezo wa kukitoa. Huyo mwenzenu mwenye samaki wa 9 usimuulize anawapa nini, watu wote wanaulizaga hilo, muulize anabadilisha maji kiasi gani na mara ngapi.

Ila usiruke leo usiku ukamwaga asilimia 80. Tanki ambalo limekaa na maji ya zamani linakuwaga limeshaachana na maji yako ya bomba, chumvichumvi zimepanda, pH pengine imeshuka kidogo, na samaki wameshazoea huko. Anza asilimia 30 kila siku kwa siku nne au tano, nenda 40, alafu ukae kwenye 50 kila siku. Wafugaji wanaokuza kwa ajili ya kuuza wanafika 80 au 90 kila siku, wengine mara mbili kwa siku, kwa samaki sita kwenye lita 180 huna haja ya kujitesa hivyo, 50 kila siku na siku moja ya wikiendi unatoa 70 inakutosha kabisa.

Maji unayotia nayo yana mambo yake. Chukua kikombe cha maji ya bomba pima pH hapohapo, kiache wazi na jiwe la hewa (lile linalotoa mapovu likiungwa kwenye pampu), pima tena baada ya saa 24. Ikiwa haijasogea au imesogea kidogo sana unaweza kutia maji moja kwa moja ukishaweka dawa ya kuondoa klorini na kuyalinganisha joto. Ikiwa imeruka, tuseme nusu pointi au zaidi, basi nunua pipa, weka jiwe la hewa na hita ndani, maji yalale humo siku nzima kabla ya kuingia kwenye tanki. Hiyo mirukio inatokana na kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka kwenye maji ya bomba, ikitoka na hewa pH inapanda, na usipoitoa kwenye pipa itatokea kwenye tanki wakati samaki wako ndani. Kuhusu klorini, ya kawaida inatoka yenyewe maji yakipigwa hewa siku nzima, lakini kama mamlaka yako ya maji inatumia kloramini hiyo haitoki kirahisi hivyo, lazima dawa, na dawa ikiivunja inaacha amonia, kwahiyo tafuta ile inayoshika na amonia pia. Piga simu uwaulize wanatumia ipi, ni simu ya dakika moja na watu hawaipigi.

Sasa huo mchanga. Nauelewa uzuri wake, diskasi kwenye mchanga na mimea wanapendeza, na wakishakuwa wakubwa warudishie. Lakini hii miezi ya kukuza unalisha moyo wa ng'ombe uliosagwa, kila chembe isiyoliwa inazama inaingia kwenye mchanga inaozea huko, hata ukinyonya na mpira kila siku hufiki chini yote bila kuuvuruga. Kioo kitupu ndo jibu. Toa mchanga nusu wiki hii na nusu wiki ijayo, usitoe wote kwa mpigo kwasababu sehemu ya bakteria wazuri wanaishi humo, wiki hizo mbili filta ya nje usiiguse kabisa na chakula kiwe cha kawaida au pungufu, na amonia uipime kila asubuhi. Mimea kama unaipenda sana weka kwenye vyungu vidogo viwili vitatu ambavyo unaviinua wakati wa kusafisha. Gogo nitalirudia chini, lina kesi yake. Alafu kila unapobadilisha maji futa kuta za ndani na sakafu kwa sponji mpya ambayo haijawahi kuona sabuni, ile ute unayoisikia ukipitisha kidole kwenye kioo ni bakteria wamejijengea, na tanki linalolishwa protini nyingi linajenga huo ute haraka sana, ukipita siku tatu bila kufuta utaushika mwenyewe.

Joto. 27 ni ya diskasi mkubwa aliyetulia, kwa wadogo wanaotakiwa kula na kukua ni chini kidogo, panda 29 mpaka 30, nusu nyuzi au nyuzi moja kwa siku. Ile 32 uliyoisikia inatumikaga wakati wa matibabu, kuishi humo miezi sita sio. Kuna mambo mawili yanakwenda kinyume hapo, mwili wa samaki ukipata joto unachoma chakula na oksijeni zaidi, huku maji yakipata joto yanabeba oksijeni kidogo zaidi, maji baridi ya nyuzi 25 yakishiba yanabeba kama miligramu 8.3 kwa lita na ya nyuzi 30 kama 7.6. Kwahiyo ukipandisha joto ongeza filta ya sponji na pampu ya hewa, ni kitu rahisi na inakusaidia umeme wa filta kubwa ukizingua. Na usiamini namba iliyoandikwa kwenye hita, weka themometa upande wa pili wa tanki.

pH 7.6 iache hivyohivyo. Najua umesoma kwamba diskasi wanatoka Amazon, kwenye maji laini (yenye madini machache) na ya asidi, na ni kweli, wale wa porini wa Rio Negro wanaishi kwenye pH ya chini kabisa. Lakini hawa wako ni wa kufugwa, wazazi na mabibi zao wamezaliwa kwenye matanki, maji ya bomba ya kawaida wanayamudu vizuri tu. Maji laini yanahitajika zaidi pale unapotaka mayai yatotolewe, kukuza mtoto ni kazi nyingine, mtoto anajenga mifupa anahitaji madini. Na pH ikienda chini ya 6 wale bakteria wa filta wanalala, amonia inaanza kubaki kwenye maji, humo kwenye asidi haina ukali sana ila siku utakayomwaga maji ya bomba ya 7.6 kwa wingi inageuka sumu ghafla. Kati ya pH 7 na pH 8 sehemu ya amonia yenye sumu inazidi karibu mara kumi. Hela ya mashine ya RO nunulia pipa na pampu, na chenji itabaki.

Haya, chakula. Ukishakuwa kwenye asilimia 50 kila siku na nitreti imeshuka chini ya 20, ndo unaongeza, na unaongeza idadi ya milo kuliko ukubwa wa mlo. Tumbo la diskasi wa sentimita 7 ni kidogo, limebanwa kwenye kona moja ya mwili pale nyuma ya matamvua, hana sehemu ya kuweka akiba. Mlo mkubwa mara tatu sehemu yake kubwa inaishia chini, milo midogo mitano mpaka sita inaishia mwilini. Cha asubuhi wape baada ya taa kuwaka kama nusu saa, ukiwasha na kulisha hapohapo wanashtuka wanagoma. Kila mlo uwe umeisha ndani ya dakika kumi, kumi na tano, kilichobaki kinyonye. Mlo mkubwa wa moyo uwe ule unaofuatiwa na kubadilisha maji, yaani ukitoka kazini saa kumi na moja unalisha, saa kumi na mbili unanyonya na kubadilisha, usiku kabla ya taa kuzimwa wanapata kitu chepesi.

Moyo wa ng'ombe ni mzuri kwa kukuza lakini umeandaliwaje? Mafuta yote, mishipa, ile ngozi nyeupe nyeupe ya nje, vyote vitoke mpaka ubaki na nyama nyekundu tupu, mafuta ya mnyama wa damu moto yanaganda na samaki hayasagi vizuri. Usiwe moyo peke yake pia, changanya na kamba na nyama ya samaki mweupe, spinachi kidogo iliyochemshwa, vitamini, saga, tandaza kwenye mfuko iwe bapa nyembamba, gandisha, unavunja kipande kila mlo. Ukitia mpaka maji yakawa na ukungu ujue haujashikana, ongeza jelatini. Na milo miwili kati ya sita ifanye ya punje ndogo za diskasi zenye protini ya asilimia 45 mpaka 50, zina vitamini zilizopimwa na zinachafua maji kidogo kuliko moyo. Minyoo myekundu ni ya kuwaamsha hamu tu, maji ni mengi mle ndani kuliko chakula, wanaipenda kupita kiasi na wakizoea wanagoma vingine. Tubifeksi hai (vijinyoo vyembamba vya kwenye matope) mi siwapi wadogo kabisa, inatoka kwenye matope machafu na inakuja na magonjwa yake.

Sasa tuje kwa wale wawili, maana naona ndo wanaokunyima usingizi.

Nataka ufanye kitu kimoja kabla ya dawa yoyote. Wakati wa mlo, kaa kama mita moja na nusu kutoka kwenye tanki, usisogee, tia chakula upande mmoja kama unavyofanyaga, na usiangalie wanaokula, angalia hao wawili tu. Mara nyingi utaona hivi: mkubwa anawahi katikati ya chakula, pezi la mgongoni limesimama, kila akimeza anageuza ubavu kuonyesha kwamba pale pana mwenyewe. Mdogo anatoka nyuma ya gogo, anafika nusu ya safari, anaangaliwa tu, hata hajaguswa, mapezi yanalala, ile mistari ya wima mwilini inawaka, anarudi. Anakuja kula wakati wenzake wameshashiba, anapuliza maji kwenye mchanga kufukua mabaki, anapata chembe mbili zilizoshaanza kuharibika. Kama ndo hicho unachokiona basi huyo sio mgonjwa, ana njaa na ana hofu, na weusi ule ni hofu. Diskasi sita ndani ya tanki wana vyeo kuanzia wa kwanza mpaka wa sita, na cheo kinaamuliwa kwenye chakula.

Na gogo linachangia. Watu wanadhani sehemu ya kujificha inamsaidia mnyonge, kwa diskasi mara nyingi inamzoesha unyonge, anakaa huko siku nzima na yule mkubwa anapata mpaka wa kulinda. Litoe pamoja na mchanga. Siku mbili tatu za kwanza watakuwa na woga wote, wakibanana kwenye kona moja, usiogope na usilirudishe, bandika karatasi ya rangi nyepesi nyuma na pande mbili watulie. Rangi nyepesi nasema kwa makusudi, kama wako ni wa ukoo wa pigeon blood hao hawana mistari ya wima kabisa, wakiwekwa kwenye giza au mandhari nyeusi wanajaa vidoti vyeusi kama pilipili manga na mtu anadhani ni ugonjwa.

Kisha lisha sehemu mbili kwa wakati mmoja, mkono wa kushoto na wa kulia, mkubwa hawezi kulinda kote. Kama bado anafukuza, mtoe yeye, sio wao. Mweke pembeni kwenye tanki dogo lenye filta ya sponji kwa siku nne tano, mrudishe jioni ukishabadilisha maji na kuzima taa, atakuta vyeo vimepangwa upya. Kuwatoa wale wawili na kuwaweka peke yao ni kosa la kawaida, wawili wanabaki mmoja mbabe mmoja mnyonge, mnyonge anapata kipigo chote peke yake. Lakini kabla ya kumtoa yeyote soma sheria za shindano lenu, wengine wanataka sita wote wakae tanki moja mwanzo mpaka mwisho, msije mkakosana kwa ajili ya samaki.

Wape siku kumi hivi kwenye maji mapya na malisho hayo. Kinyesi kiangalie kila siku. Cheusi au cha rangi ya chakula, kinakatika, safi. Cheupe, chembamba, kinaning'inia kama uzi na hakikatiki, hapo inategemea: samaki asiyekula siku mbili tatu anatoa ute mweupe mtupu kwasababu tumbo halina kitu, kwahiyo uzi mweupe kwa samaki mwenye njaa hauthibitishi chochote. Lakini kama anakula kabisa unamwona anameza na bado kinyesi ni uzi mweupe, bado mweusi, na ukimwangalia kwa mbele paji la uso juu ya macho limebonyea limekuwa jembamba, hapo vijidudu vya utumbo, hawa wenye mikia wa jamii ya Spironucleus, nawashuku kweli, na dawa yake ni metronidazo. Akiwa bado anakula ni bora dawa ipite kwenye chakula kwasababu ugonjwa uko tumboni, akiwa amegoma kabisa inatiwa kwenye maji, dozi ambayo wafugaji wengi wanaitumia ni miligramu 250 kwa kila lita 40, wanabadilisha maji kabla ya kurudia kesho yake. Ukiwa na daktari wa mifugo anayejua samaki mpelekee kwanza kinyesi akitie kwenye darubini, na sehemu nyingi dawa hii inatolewa kwa cheti. Wale wanne wanaokula vizuri usiwape dawa "ya kuzuia", dawa inapunguza hamu ya kula na wiki ya kutokula kwenye umri huu hailipiki.

Angalia na upumuaji. Anapumua kwa tamvua moja lingine limefunga, au anajikuna kwenye bomba la filta, hiyo ni minyoo ya matamvua, dawa yake prazikwanteli, na hiyo ndo inatibiwa tanki zima.

Lipo jambo lingine ambalo halitibiki: wengine wamezaliwa wadogo. Kwenye kundi moja la watoto wa mama mmoja kuna wakubwa kuna wa kati na kuna waliobaki nyuma tangu siku zile wanakula ute wa ngozi ya wazazi wao. Namna ya kumjua ni jicho. Diskasi anayekua vizuri jicho linaonekana dogo kwenye mwili mpana wa mviringo. Aliyedumaa jicho linaendelea kukua wakati mwili umesimama, kwahiyo unamkuta na jicho kubwa mwili mdogo, na umbo linakuwa refu kuliko kwenda juu. Kwa wako bado mapema kuhukumu, hao miezi ya kwanza wakipata maji na chakula huwa wanakimbia kufidia, sehemu kubwa ya ukuaji iko ndani ya mwaka wa kwanza. Muulize pia aliyewauzia hao samaki walikuwa na umri gani, wa sentimita 5 mwenye miezi miwili na wa sentimita 5 mwenye miezi mitano ni samaki wawili tofauti kabisa, wa pili ameshadumaa kabla hajafika kwako.

Kununua wakubwa wachukue nafasi, hapana. Kwanza nadhani hata wenzako hawatakuelewa, ni shindano la kukuza. Pili samaki kutoka sehemu nyingine anakuja na bakteria na vimelea ambavyo wako hawajawahi kukutana navyo, na wako wana vya kwao ambavyo yeye hajui, ukiwachanganya bila karantini ya wiki nne mpaka sita unaweza kukuta tanki zima limekuwa jeusi limebanana kwenye kona linanuka, na hapo sio wawili tena ni wote.

Kuhusu mwenzenu wa 9, hebu hakikisheni mnapima kitu kimoja. Kuna anayepima kutoka mdomoni mpaka ncha ya mkia na kuna anayeishia pale mkia unapoanzia, kwa samaki wa ukubwa huu tofauti inaweza kufika sentimita nzima au zaidi. Rula ikibandikwa nje ya kioo na samaki akiwa nyuma anaonekana mdogo, na simu ikiwa karibu ndo anazidi kupungua. Wekeni rula ndani ya maji, piga picha ukiwa umerudi nyuma kisha kuza, subiri apite sambamba na rula ubavu mzima, piga nyingi chagua moja. Na msimvue kwa wavu kumlaza kwenye rula kila mwezi, ute wa ngozi unatoka na siku mbili hali vizuri, unapoteza ukuaji ili upate namba ya ukuaji. Ningekuwa mi napanga sheria zenu ningeweka na alama za umbo na jicho, maana urefu peke yake unaweza kumpa ushindi samaki mrefu mwembamba wakati wa mviringo wa sentimita moja pungufu ndo aliyekuzwa vizuri. Kutoka 5 mpaka 7 kwa wiki saba, kwa maji uliyokuwa nayo, hao wanne sio wabaya hata kidogo.

La safari ni jepesi. Siku mbili hakuna mtu alishe. Wa sentimita 7 wanavumilia siku mbili bila shida, wanachoshindwa kuvumilia ni jirani mwenye huruma anayemwaga kopo. Siku ya kuondoka lisha asubuhi tu, jioni badilisha asilimia 70, safisha sakafu, hakikisha pampu ya hewa inafanya kazi. Kama safari itarefuka mpaka nne, gawa punje kwenye vikopo vidogo, kikopo kimoja siku moja, kiasi cha nusu ya kawaida, kopo kubwa lifungie kabatini na funguo uondoke nayo. Ukirudi badilisha maji kwanza ndo ulishe, hata kama wamejipanga wote mbele ya kioo wanakuangalia.